Maua ya Mbaazi

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Mbumbuni tu wazima, ila babu yako anakohoa kidogo. Unauliza uchague maua gani ya arusi yako ya bustanini. Yangu pia ilipangwa nje, uwanja wa kanisa, vumbi tupu. Maua yalikuwa ya mbaazi tu, shambani kwetu. Nilipotaka kuyachuma, mama akanishika mkono: "Wee Mueni, hicho ni chakula! Wageni watakula harufu?"

Nililia, maana kwa haya zangu sikuweza kubishana. Babu yako akasikia. "Basi arusi iyafuate maua," akasema. Tukaoana kando ya shamba.

Siwezi kukuchagulia, mama. Lakini nikiyakumbuka maua yale, namwona babu yako ndani ya suti, benchi la kanisa kichwani, akilipeleka shambani.

Susu yako,
Mueni