Siku ya Kupaa Nilikuwa Gatini

Jumatatu, 4 Mei 1931

Nimefagia kanisa. Nasema kanisa, ni banda la udongo na bati hapa Kariakoo, benchi nne, na mvua inaingia pembeni palepale pa siku zote. Jana tulikuwa saba. Mmoja alisinzia mpaka mwisho. Padre alipoondoka mwaka jana kwenda kwao Ulaya tulikuwa tunajaa mpaka mlangoni.

Aliahidi kurudi kwa Sikukuu ya Kupaa. Meli inaingia Alhamisi ya wiki ijayo, siku yenyewe. Nahesabu siku kama mfungwa.

Mzee Kibwana hakuja kwenye mafundisho. Kifua tena. Tunapanga nyumba moja, ya Bi Mwanaidi; yeye chumba cha nyuma, mimi cha mbele. Alikuwa mpagazi wakati wa vita, kambi yao ilikuwa mitaa hii hii, na vita vilipokwisha akabaki. Hana ndugu. Miaka miwili nimemfundisha dini. Jina amekwisha chagua: Petro. Anangoja ubatizo tu.

Jumatano, 6 Mei

Mahubiri ya Kupaa hayaandikiki. Nimeharibu karatasi tatu.

Leo asubuhi Bi Mwanaidi alikuwa anakaanga vitumbua uani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kengele tutakayopiga wiki ijayo ni ya nini. Nikamweleza. Akacheka. "Hata sisi twasema Nabii Isa alinyanyuliwa juu. Lakini mwalimu, mtu wenu kaondoka, nanyi mwapiga kengele? Kwetu mtu akisafiri watu hulia."

Mwalimu mzima, miaka kumi na mmoja kazini, nimekosa jibu mbele ya karai la vitumbua. Nimekasirika siku nzima. Ana haki. Bwana aliondoka, akawaacha mitume kumi na mmoja wamekodoa macho juu. Furaha iko wapi hapo?

Jumamosi, 9 Mei

Kibwana amekohoa damu. Ameniomba nimbatize.

Kanuni naijua. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, mwalimu anaweza, Mkristo yeyote anaweza. Maji, na yale maneno. Padre mwenyewe alinifundisha, akanitaka niyarudie mara tatu mpaka nikayasema bila kubabaika.

Nimemwambia angoje. Siku tano tu, mzee, Padre anakuja, utabatizwa kwa heshima, kwa mafuta na nguo nyeupe. Akasema, "Haya, mwalimu." Basi. Afadhali angenitukana.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Nikishika kazi ya Padre kwa mkono wangu, ni kama nimekubali kwamba harudi.

Jumatatu, 11 Mei

Nimemnywesha uji, vijiko vinne. Nikamlalamikia yeye, mgonjwa, habari za mahubiri yangu. Aibu.

Akanisimulia. Vitani bwana mkubwa aliwatwika mizigo, akatangulia, yeye mwenyewe kabebwa kwenye machela, hawakumwona tena siku ishirini. Wengine walitupa mizigo wakakimbia. Yeye hakutupa. "Mzigo ulifika, mwalimu. Hata angekaa nasi, angeubeba nani? Yeye wa machela?" Akacheka, kikohozi kikamkamata, nikamshika kichwa.

Nimeona ni maneno ya homa. Sikuyaandika kwenye mahubiri.

Alhamisi, 14 Mei. Kupaa.

Asubuhi. Tulikuwa sita. Baada ya Injili ni desturi kuuzima mshumaa mkubwa wa Pasaka. Bwana amepaa, mwali unazimwa. Sikuuzima. Watu wakanitazama. Niliona nikiuzima nitabaki peke yangu kabisa. Nimeuacha unawaka ndani ya taa ya kioo.

Kibwana anapumua kwa shida. Ameninyoshea mkono nikipita. Nikamwambia, leo leo, mzee, naenda kumleta. Natoka sasa.

Jioni. Hakuwamo melini.

Nilisimama gatini tangu saa nne mpaka saa tisa. Nilitazama kila Mzungu aliyeshuka. Mwisho karani akanipa barua yenye mwandiko wa Padre. Nikaitia mfukoni kwa hasira, sikuifungua. Nikarudi kwa miguu.

Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni, kanga imefunika mdomo. Nikajua.

Alikufa saa nane. Mimi wakati huo nilikuwa natazama meli.

Ijumaa, 15 Mei

Tumemzika. Majirani ndio waliochimba, Waislamu wote, baada ya sala yao ya Ijumaa. Wa kwetu walikuja wawili. Hao wawili ndio walionong'ona kwamba msalaba usiandikwe Petro, maana hakubatizwa. Nikaandika Petro. Kwa mkaa, herufi kubwa. Mwenye kunishtaki anishtaki.

Niliporudi nyumbani Bi Mwanaidi akanieleza, kata ya maji mkononi. Ee Mungu. "Alikuita mpaka sauti ikamkauka. Akaniambia, dada yangu, nimwagie maji kichwani, useme maneno ya mwalimu. Maji nilimmwagia, kwa kata hii hii. Maneno siyajui, baba. Ni yenu."

Maji yalikuwapo. Mkono ulikuwapo. Maneno ninayo mimi.

Jumapili, 17 Mei

Sikupiga kengele. Nilijifungia.

Nimefungua barua ya Padre. Daktari amemkataza safari, harudi tena. Ananijibu pia ile barua niliyomwandikia baada ya Krismasi, habari za kifua cha Kibwana. Mstari mmoja: mzee Kibwana akizidiwa usimngojeshe kwa ajili yangu, maji unayo.

Nimeusoma mpaka karatasi imelegea. Najichukia. Sina neno jingine.

Jumatano, 20 Mei

Sili. Bi Mwanaidi ameacha sahani mlangoni mara mbili. Nimefikiri kurudi kwetu bara, nikalime. Kusali siwezi, nikianza namwona anavyonyosha mkono.

Mara ya tatu hakuacha sahani. Aliingia bila hodi, akasimama. "Mwalimu, yule kafa mmoja. Hospitalini wamelala wengine chungu nzima. Nao wakuite mpaka sauti ikauke?"

Nilitaka kumfukuza. Nyumba ni yake.

Jumapili, 24 Mei. Pentekoste.

Tulikuwa tisa. Mshumaa umebaki kipande cha kidole. Niliuzima mwenyewe, mbele yao, siku kumi baada ya siku yake. Moshi ukapanda kidogo, ukaisha. Ndani pakawa vilevile, mwanga wa mlangoni unatosha.

Mahubiri sikuwa nayo. Nilisimulia habari ya mpagazi na mzigo wake, na ya mwalimu aliyekuwa gatini. Sikuficha jina langu. Hakuna aliyesinzia.

Mchana nikaenda hospitali na chupa ya maji mfukoni. Maneno niliyarudia njia nzima, mara tatu, kama zamani. Furaha sina. Sijui kama nimesamehewa. Nilipita kitanda kwa kitanda, nikauliza hali. Hakuna aliyetaka ubatizo. Mwanamke mmoja, wa mwisho ukutani, aliona chupa akaomba maji ya kunywa. Nikamwinua kichwa, akanywa.

Chupa imerudi nusu. Kesho asubuhi nitaijaza.