Kamba za Mgomba

Siku ya kwanza, Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Robine, bomba letu la maji, imefunguliwa mapema. Nimeshona mikono ya blauzi mbili, kola bado. Kutoka barazani kwangu naona mstari wote. Watu hawapo, bidoni za kutekea maji ndizo zinasimama. Wenyewe wako nyumbani, wanapika au wanalala. Hapa kwetu Kasenga ndivyo ilivyo: bidoni yako ikisimama mstarini, na weye umesimama. Hakuna wa kuigusa.

Ila za Watwa. Leo nimeangalia vizuri. Mama Nyota, mfinyanzi wa vyungu anayekaa kule chini karibu na mto, alifika mbele ya wengi. Akaweka bidoni yake, akaenda zake. Papa Robine, mlinzi wa maji, akaiinua na kuipeleka nyuma kabisa. Hakusita hata kidogo. Bidoni zote ni za njano, zote zimechakaa. Anajuaje ni ya nani?

Swali limenikaa kichwani mchana mzima. Hata ile kola nimeikosea.

Siku ya pili, tarehe 7

Mkutano wa komite yetu ya haki za raia, nyumbani kwa Prezida Kashindi. Ni mwalimu, mtu mwema, lakini methali anayo moja tu: kidole kimoja hakivunji chawa. Leo tena. Tunakutana tangu Pasaka na jambo letu ni moja, Watwa wasitengwe kwenye robine.

Mama Nyota iko memba sawa na minye mwenyewe. Alieleza upya, maana wengine hawakuwepo. Maji yanakatika kabla ya mchana. Wa mwisho mstarini hakuti kitu, anateka mtoni. Na sasa mvua zimeanza, mto umekuwa uji. Mwezi uliopita binti yake Nyota alilazwa na kolera. Alipona. "Mara ingine sijui," alisema. Hakulia. Niliyelia ni minye, nikaona haya.

Tutaenda kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu.

Njiani nikamuuliza habari ya bidoni. Akanishangaa. "Si iko na kamba ya mgomba?" Kweli, kwenye mkono wa bidoni. Naiona kila siku. Nilidhani ni alama yao wenyewe, Watwa. Yeye kumbe alidhani ni sheria ya robine.

Siku ya tatu, tarehe 8

Asubuhi nimempelekea Papa Robine chai na maswali. Ndiye anayefunga zile kamba. Anasema ni ili bidoni zisichanganyike. Nikamuuliza, zikichanganyika kutatokea nini? Mzee alifikiri kweli kweli, anakuna kidevu, chai inapoa. Hajui. Mlinzi aliyemtangulia alikuwa anafunga, na yeye anafunga.

Ekie! Avenyu nzima ya watu wazima, tunaongozwa na kamba ya ndizi.

Jioni tulifika kwa shefu. Alisikiliza. Alisema atatuita.

Siku ya tano, tarehe 10

Ametuita. Ametupa fanta, hata baridi. Habari njema, alisema: wako wafadhili, watajenga robine ya pili kule chini. Ya Watwa peke yao.

Tukapiga makofi. Na minye. Prezida akasimama kushukuru na tayari alikuwa amefika kwenye kidole na chawa.

Mama Nyota hakupiga. Alingoja tunyamaze. "Shefu, aksanti sana. Lakini minye sikuomba robine. Niliomba mstari."

Nilitazama mikono yangu. Tumekipigia makofi kitu kile kile tunachokikataa. Komite nzima, na mhuri wetu! Nikacheka, tena vibaya, watu wakanigeukia.

Shefu amekasirika. Hatuna shukrani, anasema. Nje Prezida akasema tukubali kwanza, mengine tutaona mbele. Nikamwambia hapana. Tukiwa na robine mbili, nani atapanga tena mstari mmoja? Tumeachana bila kuagana. Nina hasira naye, nina hasira na yale makofi yangu.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 11

Mama Shukuru, jirani, amekuja kuchukua kitenge chake. Nilikuwa nimekwisha kukikata. Hakukaa. Anasema hawezi kuvaa nguo iliyoshonwa na mikono inayoshika kikombe kimoja na Mtwa. Nimemfungia vipande vyake vizuri. Mkasi ulikuwa mkononi na sikujiamini.

Mume wangu: "Weye unatafuta nini kwa Watwa?" Nikamwambia natafuta kujua. Akasema hilo si jibu.

Kisha wazo likaja, nikiwa nakata nyuzi. Kama ni kamba inayotenga, basi tuifunge wote. Nimeenda nyuma ya nyumba nikachana mgomba mpaka vidole vikawa vyeusi.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Baada ya misa nimepita kwa majirani na kamba zangu. Wengine walicheka wakachukua. Wengine walifunga mlango. Mmoja aliniuliza kama ni dawa.

Mama Nyota hakucheka kwanza. Aliniuliza kama nimefikiri hadi mwisho. Wakikasirika watamfukuza yeye kwenye robine, si minye. Leo anapata angalau siku moja moja. Akifukuzwa ni mto tu, na Nyota bado mwembamba. Niliogopa, naandika hivyo hivyo: niliogopa. Nikamwambia akisema tuache, tunaacha.

Akachukua kamba mkononi mwangu, akaikagua. "Mama Bahati, hata kusokota haujui." Akakaa akazisokota upya zote.

Magharibi Prezida amekuja na bidoni yake chini ya kwapa. Hakusema methali. Alisema, nifungie.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Papa Robine alifika, akaona bidoni ya kwanza na kamba. Akaipeleka nyuma. Ya pili, kamba. Ya Prezida, kamba. Alipoinua ya mke wa mchungaji ikabidi aangalie huku na huku. Kwa muda alikuwa anapeleka za mbele nyuma na za nyuma zinakuwa mbele, mpaka akabaki katikati na bidoni mkononi, hajui aiweke wapi. Yesu wangu, nilivyocheka! Nilishika ukuta.

Kicheko kikaisha haraka. Mama Shukuru alitoka akipiga kelele kwamba yake imeguswa na ya Mtwa. Akapiga bidoni moja teke, ikabingirika hadi barabarani, motari na pikipiki yake akaikwepa. Wengine wakatoka. Mtu akasema Watwa wafukuzwe leo leo, na hii komite yao.

Mama Nyota akatoka kwenye kibaraza changu. Akaenda akasimama nyuma ya bidoni yake. Mwenyewe, kwa miguu yake. Hapa hakuna anayesimamaka mstarini, bidoni inatosha. Alisimama tu. Prezida akaenda akasimama nyuma ya yake. Na minye. Mke wa mchungaji naye akaja, anatukana mvua.

Papa Robine alitutazama, akatazama ile bidoni mkononi mwake. "Minye nimechoka," alisema. Akaiweka pale pale alipoitoa. Akafungua maji.

Mama Nyota amejaza. Maji ya robine, meupe.

Siku ya tano, tarehe 17

Papa Robine hafungi tena. Mama Shukuru anaacha nafasi kubwa kati ya bidoni yake na ya Mtwa yeyote, kama ya mbwa kupita. Shefu hatusalimii. Kitenge kingine cha mteja kimeondoka. Mama Nyota anasema mtoto wake ameanza kunenepa mashavu.

Leo nimechelewa, nilikuwa namaliza sare za shule. Bidoni yangu ilikuwa nyuma ya ile ya Mama Nyota. Yake ilijaa, robine ikakohoa, maji yakakatika.

Nikamtazama. Nilitaka aseme, Mama Bahati, chukua hii. Baada ya yote niliyofanya! Nilimkasirikia kabisa, pale pale.

Alijitwisha bidoni yake, akaiweka sawa kichwani.

"Kesho uwahi, Mama Bahati."

Akaenda. Nimerudi na yangu tupu. Tumekula mihogo ya kuchoma, haitaki maji.