Chupa za Eliakunda

Jumatatu, 2 Machi 1981
Sabuni hakuna tena maabara. Nimeosha chupa kwa majivu, nikachemsha, nikatia supu ya kuoteshea vijidudu. Mbili zimechukua damu ya Eliakunda, muuza vitenge wa Kariakoo. Figo zake zimekufa; wanamsafisha damu kwa maji, kupitia mpira tumboni. Sasa ana homa isiyoshuka. Daktari Mehta amesikia mlio mpya moyoni. Anahofia vijidudu vimeng'ang'ania vali ya moyo. Bila kujua ni vya aina gani, hajui ampe dawa ipi. Akasema huenda vikaota polepole, chupa zikae wiki tatu.

Jumamosi, 7 Machi
Siku ya tano. Supu bado safi, haijachafuka, hakuna kilichoota. Nikamwaga, nikaosha. Ndiyo desturi yetu, kumwaga siku ya tano, maana chupa zimebaki kumi na moja. Nimesifiwa kwa kubana matumizi.

Jumatatu, 9 Machi
Mehta kaja kuziangalia. Nikamwonyesha chupa safi, zimepangwa vizuri. Ndipo nikakumbuka.
"Nilisema wiki tatu, dada."
Bora angenitukana. Nimekwenda wodini kuchukua damu upya. Mama yake alikuwa anamkanda miguu. Eliakunda akanitania:
"Mnanifyonza, dada. Mtaniacha na maji tu."
Nilicheka. Mjinga mimi.

Jumapili, 15 Machi
Siyo zamu yangu. Nimekwenda kuzitazama. Hakuna kitu.

Alhamisi, 19 Machi
Hakuna. Eliakunda anavimba, anahema. Mehta anambahatishia dawa. Sili.

Jumapili, 22 Machi
Supu imechafuka! Siku ya kumi na tatu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikapanda ngazi mbio.
Amefariki alfajiri.
Zile za kwanza zingechafuka tarehe kumi na tano. Wiki nzima kabla. Nimehesabu mara nyingi, haibadiliki. Ni mimi.

Jumatatu, 13 Aprili
Mama yake amerudi kutoka Moshi, alikokwenda kumzika. Kaja maabara na kikapu. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa chupa tisa. Alisikia wodini kwamba tuna shida ya chupa, akaziomba duka kwa duka Kariakoo. Amezisugua mwenyewe.
Nikamwambia. Kwamba nilimwaga siku ya tano, na niliambiwa nisimwage.
Akaketi kwenye benchi. Kisha akakunja kikapu.
"Basi hizi usizimwage mapema, mwanangu."
Alipoondoka nimezichemsha zote tisa. Kila moja nimeibandika plasta, nikaandika: wiki tatu.