Ikhlas Alisoma Ukurasa Ambao Haukufunguliwa

Mpendwa Shangazi Waithira,

Naomba unisaidie, maana jambo hili limenikaa kooni na sina wa kumwambia. Nafundisha Gredi ya Pili katika shule ndogo ya kibinafsi hapa mtaa wa Landless, Thika, na muhula huu tulifika pale pagumu pa kusoma Kiingereza, mtoto anapoachana na sauti ya herufi mojamoja na kuanza herufi mbili tatu zinazotoa sauti moja, na maneno marefu ya kukatakata, basi darasa likakwama, na siku ya wazazi ikakaribia, na mwalimu mkuu anataka kila darasa litoe mtoto wa kusoma mbele ya watu, nikamchagua Ikhlas kwa sababu ana kumbukumbu kali, nikamsomea kitabu kimoja kila asubuhi kwa wiki mbili mpaka akakishika chote kichwani, na nilijua ninachofanya.

Siku yenyewe alisoma kama mtangazaji, lakini katikati akafunua kurasa mbili kwa pamoja, na bado akausoma ule aliouruka, neno kwa neno, wazazi wakapiga makofi na mimi nikapiga. Mamake, Zubeida, anayeuza mitumba, alinikumbatia akilia: "Teacher, mimi niliachia shule class four, lakini huyu, ai, huyu amenitoa aibu!" Sasa anataka Ikhlas arukishwe darasa, na kila mteja anaambiwa, "Hebu sikiza vile huyu anasoma," lakini Ikhlas akipewa gazeti asome anashika tumbo, na mamake ameshampa dawa ya minyoo mara mbili. Mwalimu mkuu anangoja sahihi yangu ya kumrukisha, Ijumaa. Nikisema ukweli nitapoteza kazi, na yule mama atavunjika moyo. Nifanyeje?

Mwalimu, Landless

Mwalimu,

Pole. Presha ya siku ya wazazi naijua, nilishika chaki miaka kumi na miwili kule Ruiru. Lakini umenikasirisha. Barua nzima unalilia kazi yako na moyo wa Zubeida, na mtoto umemtaja tumbo tu. Minyoo gani hiyo inayoamka mtu akitoa gazeti? Ikhlas anaogopa. Anajua hawezi kusoma, na anajua kwamba wewe unajua.

Usitie sahihi. Kesho asubuhi mwambie mwalimu mkuu wewe mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Kisha nenda kwa Zubeida kabla wateja hawajafika, useme ulichofanya bila kuzungukazunguka, na umwombe aache kumsomesha mtoto mbele za watu. Atafoka. Mwache afoke, ana haki.

Halafu fanya kazi uliyoiruka. Robo saa kila siku, kitabu ambacho Ikhlas hajawahi kukiona, picha umezifunika. Akate neno refu vipande, aunganishe sauti mwenyewe akizifuata kwa kidole chake, na akikwama usikimbilie kumtajia. Ngoja. Kwa kumbukumbu aliyo nayo atashika haraka kuliko unavyodhani. Na wale wenzake waliokwama uwafundishe vivyo hivyo, maana hata wao uliwaacha njiani.

Ila kabla ya kufungua kitabu chochote, mwite kando umwambie, "Ikhlas, ni mimi nilikosea." Ana miaka saba, na mpaka leo anadhani aliyedanganya watu ni yeye.

Shangazi Waithira