Sampuli ya Barazani

Jumatano

Eti maji hayana shida mtaani kwetu. Sheha katusomea leo ripoti ya yule mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuuliza watu habari za maji, na bomba jipya sasa linapelekwa Fumba badala ya kwetu.

Nikamfuata mwanafunzi. "Mwanangu, hao uliowauliza uliwapata wapi?"

"Barazani, bibi, baada ya sala ya alasiri. Watu thelathini."

Wanaume thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba ndoo! Kitabu cha takwimu nimekisoma peke yangu jikoni. Kuchagua sampuli kumo sura ya kwanza.

Mume wangu alikuwemo katika hao thelathini. Magharibi kaniita: "Mama Asha, maji ya kutawadha yako wapi?"

"Barazani."

Kanuna. Lakini alfajiri atakayekwenda kisimani ni mimi.