Upepo wa Marehemu Kwenye Tairi la Spea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujamaliza kusoma, maana mimi ni mtu mzima, fundi cherehani mwenye mjukuu, na jambo lenyewe ni la tairi.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, ana miaka mitatu sasa tangu afariki, akaniachia gari letu dogo ambalo kila asubuhi alilizunguka kabla sijaliwasha, akigonga kila tairi kwa kipande cha mti na kusikiliza, ananiambia lenye upepo linaitika na lisilo nao linanuna, na wiki ile aliyougua alitoa tairi la spea kwenye buti akalijaza kwa pampu ya mguu, anakanyaga huku anahema, nikamwambia pumzika baba watoto, akasema, "Ngoja nimalize, hili ndilo litakurudisha nyumbani siku nisipokuwepo," nikamkemea kwa kujitabiria mabaya, na siku ya nne akaenda.

Upepo ule ni wake, mshauri. Fundi wa pancha alitaka kuupima nikamfungia buti, kidogo nimbane vidole. Nikiwa peke yangu hulibonyeza tairi kwa dole gumba, na siku hizi naona linalegea, kama vile anaondoka tena kidogo kidogo, na ninamkosa mpaka mikono haijui ishike nini.

Mwezi uliopita mjukuu alishikwa na homa kali, tukampakia mimi na binti yangu kumkimbiza hospitali, njiani tairi la mbele likaingiwa na msumari likalala chini. Binti akasema, "Mama, toa spea." Nikamjibu, "Hatuna." Nilisema hivyo huku nimeegemea buti. Tulikaa juani karibu saa nzima mpaka dereva mmoja mwenye vifaa vya pancha akatuzibia tundu. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini tulipofika nyumbani binti alifungua buti kuchukua mfuko wa nepi, akaliona. Tangu hapo hapandi gari langu, na mjukuu namwona kwenye picha za simu tu. Nimwambie nini mwanangu?

Mimi, Mama Spea

*

Mama Spea, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na leso. Sasa futa machozi nikugombeze.

Mtoto anaungua homa, na wewe unalinda upepo! Mumeo, naye mgonjwa, alimwaga jasho ili ufike nyumbani, alikwambia kwa kinywa chake, nawe siku ya kufikishwa ikaja ukamkatalia. Mapenzi hayo yamekosa adabu, mama.

Nimemuuliza fundi wa pancha wa hapa chini ya ofisi yetu. Alicheka, kisha akasema, "Mwambie mama upepo haukai miaka mitatu. Mpira unauachia polepole hata kama ni mzima." Kwa hiyo unachokilinda kinatoka hata ukifunga buti kwa kufuli. Spea isiyopimwa ni mzigo tu, na siku ukiifunga hivyo ilivyo, itakuangusha.

Mficha uchi hazai. Kesho nenda kwa binti yako, kwa miguu ikibidi, umwambie: nilikudanganya, spea ilikuwepo, na sababu ni hii. Usianze na kilio, anza na kosa. Kisha lipeleke hilo tairi kwa fundi alikague. Likiwa na nyufa ubavuni, halifai tena barabarani, tafuta jingine. Tangu leo pima matairi yote kila mwezi, na spea ikiwemo, asubuhi kabla hayajapata joto. Na ujifunze kulegeza nati kabla ya kupiga jeki, usingoje wapita njia.

Sasa sikiliza hili, maana nilimuuliza fundi kwa ajili yako. Tairi likiwa zima, si lazima kuumwaga upepo uliomo. Anaongeza mwingine juu yake, basi.

Lakini usiende kwa fundi peke yako. Binti yako alifiwa na baba siku ileile uliyofiwa na mume, na miaka yote mitatu hukumwachia hata yeye abonyeze.