Ufuta Uliomngoja Baba

Jumamosi, 6 Julai 2019

Nimetoka kazini saa tisa, nyumba ya wazee ya hapa Irving, Texas, moja kwa moja bustani yetu ya pamoja. Jua kali, hata mpini wa jembe haushikiki. Nimemwagilia matuta yangu manne. Msimu mbaya huu. Mei mvua ya mawe ilipiga alizeti za Wanjiru, nesi wa Kenya mwenye kipande cha pembeni, zikabaki vijiti. Juni nzima hakuna tone. Karanga za Mama Furaha, Mkongo wa kipande cha pili, zimedumaa. Ufuta wangu umesimama.

Mbegu ni ya baba, ya Lindi. Kila mwaka tunashindana kwa simu. Yeye ana ekari tatu, mimi matuta manne, basi tunahesabu kwa tuta. Hushinda yeye, na hunicheka mpaka anakohoa. Mwaka huu mvua zimemchelewea, hata hajakata. Safari hii nitamshinda. Nimefurahi vibaya sana.

Alhamisi, 11 Julai

Majani ya chini yanapukutika. Ndiyo dalili. Umebakiza siku mbili tatu.

Kwetu hakuna anayetia mundu kwenye ufuta mpaka baba aseme "kateni". Ndivyo tulivyolelewa. Hata huku, miaka mitatu sasa, namwonyesha shina kwa video, anakodoa macho, anasema. Leo nimempigia. Kapokea mdogo wangu Hamisi, kaniambia: Baba kalala. Haya.

Jumapili, 14 Julai

Hamisi tena: baba katoka kidogo. Maganda yanageuka njano.

Jumanne, 16 Julai

Mama Furaha kanipigia kelele bustanini, Kiswahili chake cha Kongo na Kifaransa ndani. "Mais dada, kata ile bintu! Unangojaka nani?" Nikamwambia namngoja baba. Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Wanjiru naye: "Si u-harvest tu, utamwambia baadaye." Najua wanasema kweli. Lakini nikikata bila neno lake, nitajisifuje kwamba nimemshinda? Utakuwa ushindi wa wizi. Nimekataa. Ukaidi huu nimerithi kwake.

Ijumaa, 19 Julai

Baba kalala. Baba yuko kwa jirani. Baba simu yake haina chaji. Nimemuuliza Hamisi mbona siku nane mzee hana nafasi ya binti yake. "Baba mzima, dada. Anakusalimu."

Nadhani kaninunia kwa sababu sikwenda nyumbani Idi iliyopita. Basi na mimi nimenuna. Nimechoka kubembeleza mtu mzima.

Jumapili, 21 Julai

Upepo tangu asubuhi. Nimefika bustani, maganda yamepasuka. Ukigusa shina, mbegu zinamwagika. Nyeupe juu ya udongo mweusi, nyingi mno. Nimepiga magoti nikizoa kwa viganja, napata udongo zaidi ya ufuta. Mama Furaha kaja na shuka la kitandani kwake. Hakuniambia "nilikwambia". Kalitandika, tukakata kilichobaki, tukakung'uta.

Nimempigia Hamisi hapo hapo, mikono michafu. Mpe baba simu, au msinihesabu tena kwenu. Kisha nikamsikia analia.

Baba alipigwa kiharusi tarehe nne. Mdomo umekwenda upande. Hasemi. Hawakutaka kunishtua, niko mbali, ningefanya nini.

Tarehe sita nilikuwa hapa nachekelea kumshinda. Siku kumi nimemngoja mtu asiyeweza kusema aseme neno moja. Tena nikamnunia.

Jumatano, 24 Julai

Hamisi kamwekea simu sikioni. Nilisikia pumzi tu. Nikamwambia, umenishinda tena, baba. Pumzi ilibadilika kidogo. Hamisi anasema alitaka kucheka. Sijui kama ni kweli. Hamisi huyu kwa kunificha ni hodari.

Ijumaa, 26 Julai

Baba amefariki alfajiri ya kule. Inna lillahi. Wamemzika leo leo, hata ningekuwa na tiketi mkononi nisingewahi. Nimekwenda kazini, sikujua pa kwenda pengine. Nimemlisha uji mzee mmoja, baba wa watu, mpaka bakuli likaisha. Akanishika mkono, hakuuachia.

Jumamosi, 3 Agosti

Siku ya kupima. Kila mwaka tunakutana watatu na kopo moja la kahawa, tunapima, wa mwisho anatukanwa mvivu mpaka msimu ujao. Wanjiru kopo moja na nusu la alizeti. Mama Furaha makopo sita ya karanga, mwaka jana alitoa kumi na tano. Mimi halikujaa hata kopo. Kikombe cha chai, na mchanga ndani.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama Furaha akaniwekea karanga kwenye mfuko, nikakataa, akazidi kunisukumia. Nimezipokea.

Jumapili, 18 Agosti

Hamisi kapiga. Nimemuuliza shamba la baba limetoa nini.

Hawakukata. Nao walikuwa wanangoja baba aseme. Walikaa kitandani kwake wakimtazama mdomo, na ufuta unapasuka shambani. Ekari tatu zimetoa sado moja, kindoo cha lita nne, tena ya kufagia. Nimepiga hesabu kwa tuta, kama tulivyozoea. Mwaka huu nimemshinda.

Nimelia kuliko siku ya msiba.

Hamisi aliningoja nimalize. Kisha akasema, kwa adabu ambayo hajawahi kunipa, "Dada, mkubwa ni wewe sasa. Mwakani tutangoja utuambie lini."

Nikamwambia majani ya chini yakianza kupukutika, kateni. Msinipigie. Msinisubiri.

Akasema sawa, dada. Baada ya hapo nimekaa mezani nachambua mchanga kwenye kile kikombe cha ufuta. Nimefika nusu.